Datsun 1200 ya marehemu baba: kadi inasema A12, gasketi hazidumu. Hii ni injini gani hasa?

#1 MwanaKihamba

Wakuu, habari za jioni. Najua humu kuna watu waliokula grisi miaka mingi, naomba mnisaidie kabla sijamwaga hela.

Baba alituachia Datsun pikapu, ile ndogo ya 1200, bodi ya B120. Kijijini kwetu Marangu hata mtoto akisikia mlio wake alijua mzee anarudi. Imebeba ndizi za soko la Himo kwa miaka, imebeba maharusi, imebeba na majeneza. Alipofariki ikawekwa chini ya mparachichi, na hapo imekaa miaka sita. Mwaka huu nimeamua kuifufua. Kutu ya bodi nimeshakata, sakafu upande wa dereva nimeweka bati jipya, bado rangi. Sasa nimefika kwenye injini na hapo ndipo nilipokwama.

Kadi ya gari imeandikwa A12. Nimesugua bloku upande wa plagi kwa brashi ya waya na petroli mpaka namba ikatokea, lakini herufi zinasoma "A1" halafu tarakimu inayofuata imelika. Haionekani kama ni 2, 4 wala 5. Namba ndefu inayofuata nayo nusu inasomeka, nusu hakuna. Kifuniko cha tapeti kimepigwa rangi ya fedha, hakina stika wala maandishi.

Fundi wa kwanza kaniambia ni A12 orijino. Wa pili akasema hiyo imetolewa kwenye Datsun 120Y, ile saluni. Wa tatu hakufungua hata boneti, akasema "nunua tu seti ya 1200, zote zinaingiliana".

Kitu kingine, sijui kama kina uhusiano. Kabla haijaegeshwa ilikuwa inaunguza gasketi ya hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda. Mwaka wa mwisho ilibadilishwa mara tatu. Nakumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natumwa Moshi mjini kununua, naonyesha kadi dukani, napewa.

Nataka ringi, pistoni na gasketi. Ninunue za injini gani?

#2 Ngosha Mkavu

Nimevuta benchi, kahawa ninayo. Picha ziko wapi mkuu?

#3 MwanaKihamba

Mtandao wa huku mlimani unapanda picha moja kwa nusu saa. Nimeweka mbili: ya namba na ya injini kwa ujumla. Vumilieni.

#4 Mzee wa Nyundo

Hiyo ni L16, nimeona nyingi. Datsun pikapu zote zilikuja na L16. Nunua vifaa vya L16, ulale.

#5 Bwana Kabureta

Mzee wa Nyundo, unachanganya Datsun mbili. Pikapu kubwa, ile ya 620, ndiyo utakayoikuta na L16. Hii ya kijana ni B120, ndugu wa Sunny, ile saluni ndogo ya Datsun. Na huhitaji hata namba kuzitofautisha. L16 ina kamshafti (shafti inayofungua vali) juu ya hedi, inaendeshwa na cheni ndefu. Injini za A zina kamshafti ndani ya bloku, na tapeti zinasukumwa na vijiti. Afungue kifuniko cha tapeti tu. Akikuta shafti ya roka na vijiti vinavyopanda kutoka chini, habari ya L16 imekwisha.

MwanaKihamba, kwenye picha yako naona plagi na distributa viko upande mmoja, kabureta na manifoldi ya eksozi viko upande wa pili. Hiyo ni familia ya A. Swali ni mtoto yupi wa familia.

#6 MwanaKihamba

Nimefungua. Roka zipo, vijiti vipo. Juu ya hedi kuna ute mweupe kama maziwa mgando.

#7 SpanaKumi

Huo ute ni maji na oili vimekutana. Kwa hiyo hedi lazima ishuke hata kama hutaki. Usiiwashe hiyo injini, hata kwa kuijaribu.

#8 Chumvi_Nyingi

Kwanza injini za A za Nissan ni kopi ya Austin. Tafuta vifaa vya Mini, ile gari ndogo ya Austin, vitaingia.

#9 Bwana Kabureta

Haviingii. Ni kweli Nissan walitengeneza Austin kwa leseni ya Waingereza miaka ya 1950, na walijifunza mengi pale. Lakini A12 iliyotoka mwaka 1970 na Sunny B110 ina beringi kuu tano za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ile ya Mini ina tatu. Hata herufi "A" kufanana ni bahati tu ya majina. Kijana asije akapanda basi mpaka Dar kutafuta gasketi ya Mini kwa sababu ya hadithi ya kijiweni.

#10 Ngosha Mkavu

Kijiwe gani tena, na wewe uko humu humu 😂

#11 KuguruKE

Salamu kutoka Nakuru, ndugu zangu. Mimi nina B120 ya mwaka 1979, na injini yake haijawahi kutolewa, A12 kabisa. Wacha niseme kitu kimoja: hapa kwetu ukipata hizi pikapu kumi, labda mbili ndizo ziko na injini ya kiwanda. Zingine ziliwekewa 4K au 5K ya Toyota, zingine ziliwekewa A14, zingine A15 kutoka kwa Vanette, ile basi ndogo ya Nissan. Logbook, yaani kadi ya gari, inabaki kusema A12 miaka yote. Kwa hivyo makaratasi weka kando kwanza.

#12 MwanaKihamba

Kaka wa Nakuru, asante. Sasa kama kadi siyo ushahidi na namba imelika, nitajuaje?

#13 DadaGereji

Kwa kupima. Mimi niko Moshi, kazi yangu ni injini za petroli, na hizi ndogo nimezishika sana. Chuma hakijui kadi imeandika nini.

Familia ya A inatofautiana kwa vitu viwili: upana wa silinda na mwendo wa pistoni kutoka chini mpaka juu. A12 ina silinda ya milimita 73, mwendo 70. A14 ina 76 na 77. A15 ina 76 na 82. Fanya hesabu mwenyewe: upana kuzidisha upana, zidisha 0.7854, zidisha mwendo, zidisha silinda 4, kisha gawanya kwa 1,000. A12 inakupa 1,171, A14 inakupa 1,397, A15 inakupa 1,487 na ushee. Hizo ndizo sisi (cc) zake, yaani ujazo wa injini.

Ila usikimbilie sisi peke yake. 5K ya Toyota nayo ni 1,486, karibu pacha wa A15. Lakini silinda yake ni 80.5 na mwendo 73, nene na fupi. Ndiyo maana nasema pima vyote viwili.

#14 SpanaKumi

Dada yuko sahihi. Kama hutaki kushusha hedi leo, toa plagi namba moja, ingiza waya laini uguse pistoni, zungusha krenki kwa spana taratibu mpaka pistoni ifike juu kabisa, weka alama kwenye waya, zungusha tena mpaka chini kabisa, weka alama nyingine. Tofauti ya alama ndiyo mwendo.

#15 DadaGereji

Itampa picha ya mbali tu. Tundu la plagi kwenye hizi injini limelala, waya unaingia kwa mshazari, unagusa ukuta wa silinda kabla ya kufika. Na tafadhali asitumie msumari wala penseli. Nimeshatoa ncha ya penseli ndani ya injini ya mtu, na mwenyewe alikuwa mwalimu.

#16 MwanaKihamba

Nimejaribu kwa waya wa shaba. Nimepata 79.

#17 Ngosha Mkavu

79! Siyo 70, siyo 77, siyo 82. Nissan wametengeneza injini ya Marangu peke yake.

#18 Mzee wa Nyundo

Si nilisema ni L16.

#19 MwanaKihamba

Nimerudia mara tatu. 79, 80, halafu 78. Waya unapinda ukigusa ukuta, kama dada alivyosema.

#20 KuguruKE

Angalau 70 imetoka kwa orodha. Lakini kuna njia nyingine ya kuhakikisha bila kufungua kitu. A13, A14 na A15 ziko na bloku ndefu kuliko A12, karibu milimita 15. Nissan walirefusha bloku ili krenki yenye mwendo mrefu ipate nafasi. Pima kutoka mahali sampu (bakuli la oili chini ya injini) inashikana na bloku mpaka mahali hedi inakaa. Nitapima yangu ya A12 kesho asubuhi, tulinganishe. Usipime kwa futi ya fundi cherehani, tumia ya chuma.

#21 TundumaBoda

Nafuatilia huu uzi kwa karibu. Kuna kitu nitakuja kuchangia, ila malizeni kwanza kupima.

#22 MwanaKihamba

Tumelinganisha vipimo na KuguruKE kwa meseji. Bloku yangu imezidi ya kwake kwa milimita 15, au 14 na nusu kwa sababu mkono wangu ulikuwa unateleza. Kwa hiyo siyo A12. Siamini. Miaka yote nimeenda dukani na kadi ya A12.

#23 Bwana Kabureta

Angalia na eksozi. Bloku ikirefuka, manifoldi inapanda juu, na bomba la chini halifiki vizuri. Mtu aliyeifunga lazima aliunga kipande.

#24 MwanaKihamba

Mkuu umejuaje? Bomba limeungwa chini ya manifoldi, kiungo kibaya kimepigwa welding kama kidonda. Nilidhani lilipasuka.

#25 Bwana Kabureta

Nimeshaunga ya kwangu vivyo hivyo, mwaka 1991. Na welding yangu nayo ilikuwa mbaya.

#26 DadaGereji

Shusha hedi sasa. Legeza bolti kuanzia za pembeni ukielekea katikati, kidogo kidogo, usimalize moja ukahamia nyingine, hedi itapinda. Ukishaishusha, kabla hujasafisha chochote, piga picha gasketi ya zamani ilivyokaa. Usiitupe. Nina wazo kuhusu zile gasketi tatu, lakini nataka nione kwanza.

#27 Dereva_Mstaafu

Samahani naingilia. Kuhusu hiyo namba iliyolika, kuwa mwangalifu. Injini yenye namba isiyosomeka, ukienda kwa trafiki kukaguliwa unaweza kuulizwa ulikoitoa. Ukishajua ni injini gani, tafuta na ushahidi wa ilikotoka, halafu ukabadilishe taarifa TRA ili kadi ifanane na injini. Usiifufue gari nzima halafu ikalala kituoni kwa sababu ya tarakimu moja.

#28 MwanaKihamba

Mzee nimekuelewa. Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Nimeitazama tena kwa tochi: haionekani kusagwa, inaonekana imeliwa na kutu. Betri ilikuwa imefungwa juu yake kwa miaka, nadhani maji ya betri yalidondokea pale.

#29 Ngosha Mkavu

Betri juu ya namba ya injini. Baba alijua kuficha siri.

#30 MwanaKihamba

Ngosha, usinichekeshe, nipo kwenye bolti ya saba na moja inagoma.

#31 SpanaKumi

Usiilazimishe. Imwagie oili ya kupenyeza, gonga kichwa chake kwa nyundo ndogo mara kadhaa, iache ilale. Asubuhi itatoka yenyewe. Ukiikata leo, utalia mwezi mzima.

#32 MwanaKihamba

Imetoka asubuhi, kweli kama siyo yeye. Hedi iko chini. Picha nimeweka, zimechukua usiku kucha kupanda. Naeleza kwa maneno kwa wasioziona.

Kwanza, gasketi. Ile pete ya bati inayozunguka tundu la silinda imejitokeza ndani ya silinda. Haikai ukutani, inaning'inia kama ukingo wa kofia. Kati ya silinda ya pili na ya tatu imeungua, imekatika kabisa, na pale ndipo maji yalipopita.

Pili, juu ya kila pistoni kumeandikwa 0.50.

Tatu, silinda. Nimeazima vernia kwa jirani mwenye karakana ya vyuma. Nilipima chini kidogo ya ule ukingo wa juu, kwa njia mbili, mbele na nyuma kisha kushoto na kulia. 76.5, nyingine 76.6. Zote nne.

Nne, mwendo. Niliweka rula ya chuma juu ya bloku nikapima pistoni ikiwa chini kabisa, nikatoa ile nafasi ndogo inayobaki ikiwa juu. Nimepata 82.

#33 DadaGereji

A15. Nampa mtu yeyote humu ndani soda kama si A15.

Sasa soma hizo namba zako. 0.50 juu ya pistoni inasema silinda zilishachongwa zikapanuliwa nusu milimita, ndiyo maana unapata 76.5 badala ya 76. Kwa hiyo injini hii ilishafanyiwa matengenezo makubwa mara moja. Ile 0.1 ya ziada ni kuchakaa. Kwa upana wa 76.5 sasa hivi ina kama sisi 1,507, tajiri kuliko ilivyozaliwa.

Na gasketi ndiyo jibu la maswali yako yote. Gasketi ya A12 imetengenezwa kwa silinda ya 73. Matundu ya bolti yanafanana na ya A15, kwa hiyo inakaa, fundi anafunga, anaridhika. Lakini tundu lake ni dogo kuliko silinda yako. Ile pete inabaki ndani ya moto, haina chuma nyuma yake cha kuibeba wala kuipoza. Kila mlipuko unaipiga. Inaungua, inakatika, maji yanapita. Unanunua nyingine ya A12, inarudia. Haikuwa bahati mbaya ya gari, wala mafundi hawakukosa kukaza bolti. Ilikuwa kadi.

#34 MwanaKihamba

Dada nimekaa chini hapa kwenye ngazi. Zile gasketi nilizinunua mimi. Mara tatu. Nilikuwa nampa muuzaji kadi kwa heshima zote.

#35 Bwana Kabureta

Usijilaumu kijana. Hata mimi ningekupa ya A12 kama ungenionyesha kadi hiyo.

#36 Chumvi_Nyingi

Kwa hiyo ya Mini haiingii kweli?

#37 Ngosha Mkavu

Chumvi umekolea.

#38 KuguruKE

Hongera sana. A15 kwa hiyo pikapu ndogo ni kama kupatia mbuzi miguu ya punda. Nguvu itakuwa nyingi, lakini angalia breki kabla ya kuteremka mlima huko kwenu. Breki za kiwanda ziliwekwa kwa injini ya 1,171.

#39 MwanaKihamba

Wakuu, kuna jipya na nimechanganyikiwa kidogo.

Jana jioni nilikuwa mezani na mama, namsimulia habari ya vipimo, 76 nukta tano, 82, A15. Mama akaendelea kumenya ndizi, akasema: "Ile injini ya Vanete?"

Nikamwuliza Vanete gani. Akasema baba yako aliinunua kwa mtu wa Himo, gari lake liligongwa nyuma, injini ikabaki nzima. Nikamwuliza mbona hukusema. Akasema "hukuniuliza, umekuwa unauliza watu wa simu".

Kisha akaenda chumbani akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani kuna risiti za mbolea, cheti changu cha ubatizo, na karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Hati ya mauziano. Imeandikwa kwa mkono, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na saini za mashahidi wawili, mwaka 1998. "Injini moja ya Nissan Vanette, namba A15..." na namba yote iko pale, kila tarakimu. Zile zinazosomeka kwenye bloku zinalingana.

#40 Ngosha Mkavu

Wiki mbili watu tunapiga hesabu za 0.7854, mama anamenya ndizi anatusubiri.

#41 Dereva_Mstaafu

Hiyo karatasi ni dhahabu. Itoe nakala, ya asili irudishe kwenye kopo. Ukienda TRA kubadilisha taarifa za injini, nenda na hati hiyo, kadi, na gari likaguliwe. Ukimkuta mjumbe aliyesaini bado yuko hai, mwombe akuandikie na kwa sasa.

#42 MwanaKihamba

Mjumbe yupo, mzee sana, anakumbuka. Anasema baba alimpa debe la maharage kwa kazi ya kuandika.

#43 TundumaBoda

Sasa zamu yangu. MwanaKihamba, gasketi ya A15 ukiitafuta madukani utazunguka sana, wengi watakurudisha kwenye A12 tena. Ila kuna njia. Afrika Kusini waliendelea kutengeneza pikapu hii hii mpaka mwaka 2008, wao wakaiita Nissan 1400, injini A14. Silinda ya A14 ni 76, sawa na ya A15. Kwa hiyo gasketi ya hedi ya 1400 inakutosha, tundu lake limetengenezwa kwa 76 na huwa pana kidogo kuliko silinda, nusu milimita yako haitaleta shida. Vifaa vya 1400 vinapita hapa mpakani kila wiki. Nitumie kipimo cha gasketi yako ya zamani na picha ya matundu ya maji, nilinganishe kabla sijanunua.

#44 DadaGereji

Gasketi ndiyo. Pistoni siyo. Pistoni za A14 usizinunue kwa ajili ya A15, mwendo wa krenki ni tofauti, urefu wa pistoni juu ya pini hautakuwa sawa. Pistoni tafuta za A15, kwa saizi itakayotokana na kuchonga. Na kabla ya kununua pistoni, peleka bloku ipimwe. Kama kuchakaa ni 0.1 tu, huenda ringi mpya za 0.50 zikatosha na usichonge kabisa. Peleka na hedi ikanyooshwe, maana imechemshwa mara tatu.

Silinda usiipimie pale juu tu. Shuka katikati na chini. Silinda huchakaa zaidi juu, kwenye njia ya ringi ya kwanza.

#45 MwanaKihamba

Nimepeleka bloku karakana ya kuchonga Moshi. Wamepima. Iliyochakaa zaidi ni silinda ya tatu, ile jirani ya mahali palipoungua. Fundi amesema ringi zinatosha, asingependa kunitoza hela ya kuchonga ambayo haihitajiki. Hedi ilikuwa imepinda, wameinyoosha.

TundumaBoda, gasketi imefika na basi la jana. Nimeiweka juu ya bloku bila kufunga, nikatazama kwa tochi. Pete imekaa nje ya silinda pande zote. Nimeitazama labda dakika kumi. Jirani akaniuliza kama naswali.

#46 SpanaKumi

Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua tatu. Torki (nguvu ya kukaza bolti) soma kwenye kitabu cha A15, usichukue ya A12. Ikishapata moto na kupoa, rekebisha tapeti upya.

#47 Mzee wa Nyundo

Bado nasema ingekuwa L16 ingekuwa imeshawaka.

#48 MwanaKihamba

Wakuu, leo saa 10 jioni imewaka. Kipigo cha nne. Moshi kidogo wa oili mwanzoni kisha ukaisha. Imekaa kwenye mlio wa chini nusu saa, maji hayajashuka, oili ni safi. Watoto wa jirani wamejaa uani.

Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni akaisikiliza muda mrefu. Nilidhani anamkumbuka mzee. Akasema, "Hiyo siyo sauti yake. Ya baba yako ilikuwa na kikohozi."